Baridi ya Mguu Usiokuwepo

Kwa Baba Esta,
Nje kidogo ya Ulyankulu,
Tabora.
Jumapili, mwezi wa sita.

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Naitanguliza mapema uiitikie kabla hujakasirika, maana najua ukifika katikati ya barua hii marahaba haitatoka. Hujambo wewe? Mama hajambo? Macho yake vipi, kuhusu ule mtoto wa jicho umeshaongea na madaktari au bado mnaambiwa msubiri? Na shemeji, bado anabeba magunia ya dagaa mwenyewe pale Ujiji, au amekubali kwamba mgongo una umri wake? Mimi nipo hai. Hilo lishike vizuri, kwa sababu mengi yanayofuata si mazuri.

Utajiuliza, mdogo wangu amepatwa na nini mpaka ananiandikia barua ya karatasi zama hizi. Simu ninayo. Lakini simu hizi za kupangusa hazinitaki tena. Naweka kidole, kimya. Nabonyeza, kimya. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vimekuwa vyeupe na baridi, na ile simu inaona imeguswa na kijiti. Halafu kwenye simu ungenikata kauli. Tangu tuko wadogo hujawahi kumwacha mtu akamaliza sentensi, usibishe. Hapa utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende. Barua nampa fundi baiskeli wa hapa kijijini, anakuja Kigoma kwa treni kwenye msiba wa kwao.

Naanza na uongo wangu. Siku ya Idi uliponipigia ukaniuliza kwa nini sikuja, nilikwambia tumbaku iko kwenye bani, siwezi kuacha moto. Wewe ukasema kila mwaka moto, kila mwaka moto, hicho kijumba chako cha kukaushia majani kimekuwa mke? Nikacheka. Dada, siku ile sikuwa kwenye bani. Nilikuwa nimelala chali hospitalini Tabora mjini, na simu alinishikia mtu sikioni. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeshakatwa, chini ya goti.

Sasa lia kidogo, halafu endelea kusoma. Usimsomee Mama bado.

Ilianza kiangazi cha mwaka jana, na ilianza na baridi tu. Unaijua Tabora, si Makete huku. Saa saba mchana mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta, mimi nimevaa soksi mbili mbili na nyayo zangu zinahisi zimesimama kwenye maji ya mtoni. Nikishika mguu kwa mkono nauona mkono nao hauna joto la kuupa. Wenzangu kwenye ghala la chama cha wakulima wakawa wananitania, "Ramadhani, umerudi lini kutoka Ulaya?" Na mimi nikawa najibu utani, nawaambia mizigo yangu bado iko uwanja wa ndege.

Kisha kutembea kukawa shida. Naanza vizuri, nikifika mahali fulani shavu la mguu linakaza, linauma kama limebanwa na koleo, lazima nisimame. Nikisimama kidogo maumivu yanaisha, naendelea, yananikamata tena. Nikaona aibu, mtu wa miaka arobaini na saba kusimama simama njiani kama bibi kizee. Kwa hiyo kila nikibanwa najifanya naangalia shamba la mtu. Nimekagua mihogo ya watu, Dada, mpaka siku moja mama mmoja akatoka na jembe akaniuliza, "We Mmanyema, hii mihogo yangu unaihesabu ili uje kuiiba lini?" Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nililia. Sikumwambia mtu.

Na sigara je? Najua umeshaanza kuuliza. Nilikuwa navuta, Dada. Siyo za dukani. Huku mkulima wa tumbaku hanunui sigara. Unachukua majani yaliyobaki ukichambua, yale yaliyovunjika ambayo hayaingii daraja lolote, unayasugua kiganjani, unasokota kwenye karatasi ya daftari, unawasha. Asubuhi kabla ya chai, shambani, kwenye moto wa bani. Tangu mke wangu Zuhura anichoke arudi kwao Urambo, sigara ndiyo iliyokuwa inanisubiri nyumbani. Niliiona kama sehemu ya kazi, kama vile muuza samaki anavyonuka samaki.

Basi vidole vya mguu vikaanza kubadilika rangi. Mara vyeupe, mara bluu, mara vyekundu na vinachoma. Watu wakaanza kunong'ona. Huku mguu ukiuma bila kujikwaa, jibu ni moja, umekanyaga. Mtu amekutegea kitu njiani, wewe ukapita juu yake. Nami, niliyesoma chuo cha Qurani pale Ujiji, niliyekuwa nawacheka watu wa aina hiyo, nikapanda pikipiki nikaenda kwa mganga upande wa Kaliua. Nilikuwa na hofu, Dada. Mtu mwenye hofu anakwenda popote.

Yule mganga akachukua wembe mpya akanichanja chale tatu kwenye kifundo cha mguu. Damu haikutoka. Akachanja nyingine, ndani zaidi. Likatoka tone moja jeusi likasimama pale pale. Nilimwona yeye mwenyewe anashtuka, haki ya Mungu, akaufuta wembe haraka. Halafu akajikaza akasema, "Damu yako imefungwa. Aliyeifunga mnapakana."

Mnapakana. Sasa nikaanza kupiga hesabu zangu za kijinga. Shamba langu upande wa juu ni pori. Upande wa chini ni mbuga, haina mwenyewe. Upande wa tatu hakuna kitu, ni barabara. Anayebaki ni mmoja, Baba Esta.

Humjui, ngoja nikueleze. Baba Esta ni mtu wa hapa Ulyankulu, wazee wake walikimbilia huku kutoka Burundi, yeye akiwa mtoto mchanga mgongoni. Ni raia siku nyingi, ana karatasi zake, ni Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, na ndiye aliyenifundisha tumbaku nilipofika hapa sijui hata kitalu kinamwagiliwaje. Mkewe, Mama Esta, alikuwa akichemsha matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, hawezi kula bila kuniletea sahani. Mtu huyo ndiye niliyekwenda kumsimamisha mbele ya ghala la chama, watu wamejaa wanasubiri mbolea, nikamnyooshea kidole.

Maneno niliyosema naona haya kuyaandika, lakini lazima uyajue. Nilisema, "Umenifunga mguu ili unyang'anye shamba langu. Ninyi mmekuja na mambo yenu kutoka huko mlikotoka." Ndiyo hivyo. Mimi, mtoto wa watu wa kuja, ambaye babu yetu alifika Ujiji kwa miguu kutoka ng'ambo ya ziwa, nimemwambia mwenzangu mlikotoka.

Baba Esta alikuwa ameinama anafunga gunia lake. Akamaliza kulifunga. Akasema taratibu, "Ramadhani, kuitwa mtu mbaya nimezoea tangu sijajua kutembea. Lakini mguu wako sijaugusa." Akajitwika gunia akaondoka. Kuanzia siku hiyo hakunisalimia, wala mkewe, na mimi nikajiona nimeshinda.

Mvua zikaja. Tumbaku yangu mwaka huu ilistawi, majani mapana, mazito, hata wewe usiyeipenda ungesifu. Nikavuna mkono wa kwanza, yale majani ya chini yanayotangulia kuiva, nikapanga kwenye bani, nikawasha. Ukishawasha ni siku sita au saba, moto usizime na usizidi, na mimi nilikuwa peke yangu. Soksi hazikusaidia kitu tena. Mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi kuanzia kifundo kwenda chini, naugonga kwenye gogo sisikii, na juu ya ganzi hiyo kuna baridi. Sijui nikuelezeje baridi ya kitu usichokisikia.

Ilikuwa alasiri, mvua inapiga bati. Nikasema moto huu ninaoulisha kuni kila saa, mbona naukaushia tumbaku tu wakati mwenyewe naganda? Nikavua viatu, nikavuta kigoda mpaka kwenye mdomo wa tanuru, nikaegemeza nyayo zote mbili kwenye matofali ya pembeni, pale pale moto unapotokea. Mguu wa kulia ulisikia joto, nikaurudisha nyuma. Wa kushoto haukusema kitu. Nikauacha. Nikasokota sigara, nikavuta, nikasinzia.

Kilichoniamsha ni harufu ya nyama choma. Wallahi sikuzulii. Nikasema moyoni, nani kachinja leo, na kwa nini hawajanialika? Mate yalinijaa mdomoni, Dada. Nikatazama huku na huku, hakuna mtu, mvua inanyesha. Ndipo nikatazama chini nikaona kisigino changu.

Sikusikia maumivu yoyote. Hilo ndilo lililonitisha kuliko jeraha lenyewe. Nilikaa naukodolea macho ule mguu kama si wangu. Halafu nikafanya tunavyofanya wakulima wa huku mtu akijikata au akiungua, nikachukua jani bichi la tumbaku, nikalitafuna, nikalibandika juu ya kidonda nikafunga tambara. Nikaendelea na kazi. Nilikaa nacho hivyo wiki tatu, nabadilisha jani kila asubuhi, na kidonda kila asubuhi kilikuwa kikubwa zaidi na cheusi zaidi.

Nilipowasha bani mara ya pili sikuweza tena. Siku ya tatu nililala sakafuni ndani, homa inanitetemesha, moto umezima. Baba Esta kutoka kwake aliona bani yangu haitoi moshi. Mkulima akiona hivyo anajua mzigo mzima unaoza mle ndani. Alikuja. Hakubisha hodi, hakunisalimia, alikwenda moja kwa moja kwenye tanuru, nikamsikia anapasua kuni, anapuliza, anawasha. Aliokoa majani yangu kwanza. Halafu akasimama mlangoni, nikaona ameziba pua.

"Fungua hilo tambara," akasema.

"Niache."

"Miezi minne sijaongea na wewe. Leo naongea. Fungua."

Nikafungua. Alijishika kichwa, akaita jina la Bikira Maria, akageuka akanipa mgongo. Nilidhani anaondoka. Kumbe alikuwa anachuchumaa ili nipande. Alinibeba mgongoni mpaka barabarani, na mimi si mwepesi, unanijua. Pikipiki mpaka Ulyankulu, pale wakatuambia hili si letu, basi mpaka Tabora mjini. Njia nzima abiria wamefungua madirisha, mvua inaingia, na hakuna aliyelalamika. Walinihurumia. Bora wangelalamika.

Hospitalini daktari alikuwa binti, mdogo kuliko mwanao Tatu. Aliweka vidole juu ya mguu wangu, kwenye kifundo, nyuma ya goti, akatulia, anatafuta mapigo. Alitafuta muda mrefu. Kisha akashika mguu wa kulia akatafuta na huko. Kisha akanishika mikono, akaigeuza, akaviona vidole vilivyokuwa vya njano kwa moshi.

"Baba, unavuta?"

"Kidogo."

"Kidogo ni ngapi kwa siku?"

Nikamwambia, "Dokta, mimi sinunui. Nalima. Anayelima hahesabu."

Hakucheka. Akavuta kiti akakaa, akaniambia kwa upole, na ule upole uliniumiza. Akasema hakuna mtu aliyenifunga damu. Moshi ndio unaofunga. Mishipa midogo ya miguuni na mikononi inavimba, inaziba, damu haifiki, na pasipofika damu ndipo pana baridi na ganzi. Akasema moto wa nje haurudishi damu, unaunguza tu ngozi isiyoweza kulia. Nikamwuliza kuhusu chale ambazo hazikutoa damu. Akasema, "Baba, huyo mganga aliona ugonjwa wako kabla yangu. Angekuleta tu hapa."

Halafu akasema neno ambalo nataka ulisome mara mbili. Mguu wa kushoto umekwisha, lazima ukatwe kabla uozo haujapanda ukaniua. Wa kulia bado una mapigo kidogo. "Ukiacha tumbaku leo, kabisa, hata moja usiguse, mguu wa kulia unaweza kubaki na vidole vya mikono vinaweza kubaki. Usipoacha, utarudi kwangu kwa ajili ya huo wa pili." Ndivyo alivyosema. Nikamwapia pale pale. Nikamwambia nimeacha.

Ikaja karatasi ya kutia saini. Nesi akauliza ndugu yuko wapi. Ndugu zangu wako Ujiji, na ugonjwa nimewaficha. Baba Esta akasema, "Mimi." Nesi akatazama jina langu, Ramadhani, akatazama rozari shingoni mwake. "Ni ndugu yako kweli?" Akajibu, "Ndugu." Akaandika jina lake chini ya langu, kwa herufi kubwa, taratibu, akibonyeza kalamu kwa nguvu.

Kilichonitesa zaidi ya kukatwa, Dada, ni mguu wenyewe utakwenda wapi. Nilisikia viungo vinavyokatwa vinachomwa. Nikasema mimi nimeshauchoma mguu huu mara moja, inatosha. Baba Esta akaenda mjini akauliza uliza mpaka akafika msikiti mmoja. Fikiria, Mkatoliki kasimama kwenye ngazi za msikiti kavua viatu, anauliza, "Samahani wazee, mguu wa Mwislamu unazikwaje?" Wakamwambia mwenyewe yu hai, hausaliwi, unaviringishwa kwenye kitambaa safi na kufukiwa. Wakampa kitambaa cheupe, wakamwonyesha mahali kwenye makaburi yao, akachimba mwenyewe. Alirudi wodini suruali ina udongo mpaka magotini. Akaniambia, "Nimeuelekeza kama walivyoniambia." Hapo ndipo nilipolia kwa sauti, wodi nzima wanasikia.

Nilimwomba radhi pale pale kitandani. Unajua alisemaje? Akasema, "Hapana. Hukunikosea wodini. Ulinikosea mbele ya watu, na mimi nina watoto wanaoishi na maneno yale." Alikuwa sahihi. Siku ya kwanza ya soko la tumbaku mwezi uliopita, watu wamejaa ghalani, nilisimama kwa magongo mahali pale pale. Nikasema, "Huyu sikumwona akitega kitu. Nilimsingizia. Nilimtukana na asili yake, na yeye ndiye aliyeuzika mguu wangu." Mwenyekiti wa chama akauliza kama Baba Esta ameridhika. Akasema ameridhika. Akanishika bega, tukaenda kupanga foleni ya mizani. Jioni ile Mama Esta alichemsha matobolwa, ya kwanza tangu mwaka jana, akaniletea sahani.

Sasa nakaa kwao. Kwangu hapakaliki kwa mtu wa magongo, choo kiko mbali na njia ni mteremko. Wananitunza, hawajanionyesha uso mbaya hata siku moja. Lakini nikueleze kitu ambacho huku sina wa kumweleza. Ule mguu uliokatwa, uliozikwa, bado una baridi. Nanyoosha mkono kuusugua, mkono unagusa blanketi. Vidole vyake navihisi kimoja kimoja vikiganda, na kisigino kile kilichoungua sikusikia maumivu yake siku ile, siku hizi nayasikia. Daktari alisema inatokea. Hakusema itakoma lini.

Nisalimie wote. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie nakula vizuri. Haoni, lakini hatua zangu anazijua, akisikia magongo atajua yote, kwa hiyo mwandae wewe kwa maneno yako. Shemeji mpe pole ya mgongo na umwambie asivute hata za kuonjeshwa. Shangazi Mwajuma, aliyenilea ulipoolewa, mwambie asinikasirikie kwa kutokuja Idi. Tatu mwanao mwambie yule daktari amenikumbusha yeye, asome. Na Sheikh aliyetufundisha, kama bado yupo, aniombee dua.

Nilitaka niishie hapo, niandike jina langu, nikunje karatasi. Nimeshakunja mara mbili, nimefungua.

Dada, tangu niondoke nyumbani nilisema sirudi mpaka nimejenga. Kila Idi unaniambia rudi, na mimi kila Idi nina moto wa kulinda. Sijajenga. Leo mimi ndiye ninayekuambia, njoo unichukue. Usinitumie dawa, usinitumie soksi, usinitumie maneno ya kwenye simu. Panda treni uje mwenyewe.

Kwa sababu huku kuna tumbaku kila mahali. Chumba wanachonilaza ni ghala lao, marobota yamepangwa mpaka dari na kichwa changu kiko hapo chini yake. Asubuhi wanakaa uani wanachambua majani, na mimi nisiyeweza kwenda shamba najitolea kuchambua nao, maana mwanaume hawezi kukaa tu analishwa. Yaliyovunjika yanabaki mapajani kwangu. Hospitalini nilikaa siku ishirini na tatu bila moshi. Siku niliyorudi, nilikaa mpaka saa kumi alasiri.

Baba Esta hajui. Navutia nyuma ya choo, nameza matobolwa kuondoa harufu. Mtu aliyenibebea mguu wangu kaburini, namdanganya kwa mdomo uliojaa chakula cha mkewe. Nimejaribu kuacha mara tisa. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa cheupe wiki iliyopita. Leo ni cha bluu.

Moja nimevuta kabla sijaanza barua hii. Ya pili niliiwasha nilipofika kwenye maneno ya daktari. Ya tatu iko mkono wa kushoto sasa hivi, ninapoandika, na bado sijaizima. Njoo, Dada.

Mdogo wako,
Ramadhani